Matawi ya kwenye kona

Museme naongopa, mais kovu liko hapa kwenye goti, mulione. Hii ilinifikia mimi mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, siku timu yetu ya Butembo ilipiga Beni tatu kwa moja. Hata basoda wa barrière, wale wanazuia barabara na bunduki, walicheza! Tulishuka kutoka kilima cha Rughenda, moto, zile pikipiki, zinapiga honi, kila mutu na tawi mukononi. Bila tawi, wewe si mushabiki.

Mimi na binamu yangu Kakule tulikuwa juu ya chukudu yake, ile mashine yetu ya mbao ya magurudumu mawili, isiyokunywa mafuta. Hatukuwa na matawi. Kabla ya kona, tukakuta mazuri yamelala barabarani. Kakule akayaokota yote.

"Mungu ametukumbuka, petit!"

Teremko likaanza. Halafu nikaona mwanaume mwenye boti za matope miguuni anatembea kando yetu. Anatembea, munisikie! Chukudu inashuka kama jiwe, yeye mikono mugongoni, kama pasta anatoka ibada.

"Batoto, murudishe matawi."

"Papa, timu yako imepigwa, sasa unalilia majani?" Kakule akamucheka.

Nikaangalia chini. Boti zake hazikugusa barabara.

"Frein, Kakule! Frein!"

Akakanyaga mpaka sandale ikanuka moshi, tukaangukia ndani ya shamba la viazi, goti langu likapasuka. Mbele, kwenye ukungu: lori la Kasindi limekufa katikati ya kona, bila taa. Matawi yalikuwa ya chauffeur, mwenye kuliendesha, ya kuonya watu! Kila mutoto wa kwetu anajua hiyo alama. Mais siku ya mupira, nani anakumbuka?

Yule mwanaume alikuwa tayari anayapanga tena barabarani. Moto za mashabiki zikafika mbio, zikayaona, zikapunguza. Akatuinamia.

"Nani alishinda?"

"Butembo, tatu kwa moja!" Nikacheka.

"Kila mara nakosa mupira," akasema. Ukungu ukamumeza.

Chauffeur alipotoka chini ya lori, tukamuelezea. Akakaa chini puu.

"Ni Paluku, convoyeur wangu, musaidizi wa lori. Mutu wa Beni. Moto ya mashabiki ilimugonga akafa hapa hapa, mwaka jana, akikimbilia mupira."

Mpaka leo Kakule anasukuma chukudu pale kwa miguu, kama anapeleka mugonjwa. Na kila siku ya mupira tunakuta matawi mapya kwenye ile kona, hata kama hakuna lori. Donc wewe mushabiki, vunja tawi lako nyumbani, ya barabarani uyaache. Na mutu akitembea kando ya moto yako akiuliza matokeo, kama Beni wamepigwa, umwambie polepole. Mimi nilicheka. Sasa kila Butembo ikishinda, goti linaniuma.