Bampa Iliyoota Ndevu

Bampa ya gari ya baba ilikuwa imepauka kama magoti yasiyojua mafuta, na kesho yake tulikuwa tunapeleka posa ya kaka kule Bunda. Baba alipoenda kanisani, nikaipiga rangi nyeusi pale uani kwetu Kigera, kando ya ziwa. Ikang'aa! Nikaenda kuoga nikijisifu. Kurudi, wadudu wa ziwani wamenasa kwenye rangi mbichi, maelfu, bampa imeota ndevu. Nikafuta, ndiyo nikaharibu kabisa. Geti likalia, baba karudi.

Baba akaizunguka gari, akagusa, akatazama kidole chake cheusi. Akifokaga, nachekaga kimoyomoyo. Safari hii hakufoka; akakipangusa kidole kwenye tairi.

"Kesho utakaa kiti cha mbele," akasema taratibu. "Wakwe wakiuliza bampa imekuwaje, utajibu wewe."