Ombi Ambalo Olfa Hakuliomba

Saa mbili kasorobo asubuhi, Olfa Ksentini amekaa katikati ya ngazi, mapaja yamejaa viatu vya watoto, akitafuta kipi ni jozi ya kipi. Chini yake watoto wa chekechea wanagombania rangi. Juu, ghorofani, mzee anagonga sakafu kwa fimbo.

"Huyo ni Ami Mutlaq," ananiambia bila kuinua kichwa. "Anauliza kama nimeshajua ninachotaka."

Hajajua.

Nyumba hii ya malezi, mjini Karak, ina ngazi kumi na nne: chini watoto thelathini wa asubuhi, juu wazee kumi na mmoja. Olfa, mwenye miaka ishirini na minne, amekuwa akizipanda na kuzishuka kwa miezi sita, tangu atoke Sfax, Tunisia, na shahada yake mpya ya saikolojia. Anajitolea. Hupewa chumba, chakula na dinari themanini kwa mwezi, na nyingi huishia kwenye simu kwa mama yake.

Kesho, Alhamisi, muda wake unakwisha. Mama amemtafutia kazi ya ushauri shuleni huko kwao, na shule inataka jibu Jumapili. Hapa msimamizi amemwambia anaweza kubaki mwaka mzima.

"Nikiwa na watoto nataka kubaki," anasema. "Nikipanda juu, nikamwona bibi anasubiri simu ya mwanawe, nataka kwenda kwa mama. Kwa siku naamua mara ishirini."

Mkanganyiko huu una mwingine mdogo kando yake, na huo ulianza wiki ya kwanza, kwa kahawa.

Ami Mutlaq, Mbedui wa miaka themanini na mbili aliyehamia hapa na dele lake mwenyewe la kahawa, alimmiminia Olfa finjani ya kumkaribisha. Sfax kahawa hutiwa sukari na maji ya maua ya mchungwa. Olfa alinusa ile kahawa chungu ya iliki, akaiweka chini, akingoja sukari.

Mzee aliitazama finjani pale chini. Kisha akasema, "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Ulilojia umelipata."

"Nikadhani ni ukarimu tu," Olfa anasema. "Nikashukuru, nikanywa."

Maskini, hakujua. Huku kwetu mgeni akiweka finjani chini bila kuionja, ana haja. Na mwenyeji akimwambia anywe, ameshaikubali kabla ya kuisikia. Basi tangu siku hiyo mzee anangoja kuambiwa ameahidi nini.

"Nilimwambia aombe soksi, yaishe," anasema Mama Yazan, mpishi, huku akicheka. "Akaenda kweli kuomba soksi. Mzee alimnunia siku mbili."

"Aliniuliza, 'Umeweka finjani yangu chini kwa ajili ya soksi?'" anasema Olfa, na aibu bado inaonekana usoni mwake.

Fimbo inagonga tena. Olfa anaviacha viatu, anapanda. Namfuata.

"Umebakiza siku moja," mzee anasema. "Unataka nife na haja ya mtu shingoni?"

Olfa anasitasita mlangoni. "Ami, nataka ushuke ukanywe kahawa na watoto."

Ami Mutlaq hajashuka zile ngazi tangu aletwe miaka miwili iliyopita. Husema mzee hafuati watoto, watoto ndio humfuata mzee. Ananitupia jicho mimi, utadhani ndimi niliyemchochea.

"Ungeomba ngamia ingekuwa nafuu," anasema, na kuinuka.

Safari inachukua dakika ishirini. Olfa yuko mbele, anashuka kinyumenyume. Nyuma anakuja Mama Yazan na dele: "Taratibu, bwana harusi." Chini, msichana aitwaye Tala anauliza kama huyu ndiye mwenye fimbo.

"Ndiye mimi," mzee anajibu. "Na nyinyi ndio wenye makelele."

Wanamkalisha kwenye mkeka wao. Olfa anammiminia. Mzee anapokea finjani, anaitazama, anaiweka chini mbele yake. Hajaionja.

Mama Yazan anasimama pale pale alipo. Sote tunadhani tunajua ataomba nini. Nakiri niliuona uso wa Olfa ukinyooka, kana kwamba hatimaye kapatikana wa kumwamulia.

"Kunywa kahawa yako, Ami," Olfa anasema. "Ulilojia umelipata."

Mzee anakunywa, anaitikisa finjani kuonyesha imetosha. "Nenda kwa mama yako," anasema.

Olfa anakaa chini kati ya watoto. "Nilidhani utaniomba nibaki."

"Hilo ndilo ninalolitaka. Lakini mwanangu yuko Kuwait mwaka wa kumi na moja sasa, kila mtu huko anamhitaji. Sitamfanyia mama yako hivyo."

Tala anampangusa Olfa machozi kwa mkono wenye rangi ya kijani.

"Sijui kama nimependwa au nimefukuzwa," ananiambia baadaye, tukiwa mlangoni. "Lakini nimeshasema ndiyo." Jumapili ataikubali kazi ya shule. Mama Yazan amemfungia iliki ya kwenda nayo.

"Nikifika, mama atanipa kahawa," anasema. "Nitaiweka chini, nisiionje. Kisha nitamwomba aniachie likizo zote za kiangazi nije huku."

"Mama yako anaijua mila hii?" namuuliza.

"Haijui. Ataniambia tu ninywe, itapoa."