Mchele Ulivuka Kabla ya Mwali

Nyie wajukuu zangu, na nyie wenzao mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri. Mnanilalamikia kuwa mie mkali, nikisema kitu kifanyike nataka kifanyike sasa hivi, siyo kesho. Haya, leo nawaambia ukali huu niliutoa wapi. Zamani sikuwa hivi. Zamani nilikuwa nasema jambo mara moja, nikijibiwa ovyo nanyamaza, naenda zangu jikoni nikanung'unike na sufuria.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Tulikaa Temeke, wakati mihogo ilikuwa mingi kuliko nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti. Chumba cha nyuma alikuwamo binti yangu mkubwa. Alikuwa amevunja ungo, na sie Wazaramo wakati ule binti akivunja ungo anawekwa ndani. Mwali haoni jua. Haonwi na mwanamume, hata babake mzazi, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Binti yangu alikuwa na mwezi wa saba mle ndani, anakula, anasingwa mwili kwa manukato, analala.

Mwenye amri juu yake sikuwa mie niliyemzaa. Alikuwa shangazi yake, dada wa mume wangu, wifi yangu mie. Aliacha nyumba yake Buguruni akahamia kwangu kuja kusimamia, na alisimamia kweli, mpaka chumvi ya mchuzi wangu. Ngoma ilikuwa imebaki siku tisa. Wageni walishaalikwa, mchele wa karamu ulishaletwa, magunia matatu, nao akaupanga chumba kilekile cha mwali.

Sasa chumba kile kilikuwa na kasoro. Ukuta wake wa nyuma ulipigwa na mvua za masika ukapasuka, ukatoa tumbo kwa ndani, juu ya kitanda. Nilisema tuukandike. Mume wangu akajibu, "Baada ya ngoma." Nikasema basi tuuegemeze hata magogo mawili. Wifi akajibu, "Mafundi waingie kwa mwali? Baada ya ngoma." Kila kitu pale nyumbani kilikuwa baada ya ngoma. Nikanyamaza.

Asubuhi moja mume wangu akarudi mapema kutoka bandarini, alikokuwa mchukuzi. Kazi imesimamishwa, akasema, vyombo vya kwenda Kigamboni vimezuiwa, upepo mbaya unakuja kutoka kusini. Hajamaliza kuvua kofia, mtu wa jumbe akapita anapiga mbiu: kila mwenye nyumba afunge paa lake, atie maji na kuni ndani, na mwenye nyumba mbovu ahame mapema.

Mie nikaanza kazi. Nikajaza mitungi, nikaingiza kuni, nikafukuza kuku mpaka wote wakawa chini ya kitanda changu, nikachimba mfereji nyuma ya nyumba maji yasikae kwenye msingi. Mume wangu nikamwambia, "Bwana, zile kamba za usumba wa nazi uzipitishe juu ya paa, ufunge mawe huku na huku. Anza na upande wa chumba cha mwali."

"Nimesikia," akasema.

Nachimba, nachimba, nainua kichwa kuangalia paa, sioni mtu. Nikazunguka mbele. Nikamkuta amepanda juu ya banda la ngoma, lile banda la makuti tuliloinua uwanjani wageni wakae, analifunga kamba zangu zote. Dada yake yuko chini anamrushia mawe.

"Nyumba je?" nikauliza.

"Banda hili likianguka," wifi akasema, "wageni tutawaweka wapi? Kichwani kwako?"

"Na nyumba ikianguka, huyo mwali wa kuchezwa mtamtoa wapi?"

"Mke wa kaka, usitamke maneno mabaya juu ya mwali."

Mume wangu akazidi kukaza fundo. Ndiyo tabia yake ilivyokuwa. Mie na dada yake tukivutana, yeye hupata kazi ya mikono.

Mwarabu mwenye duka njia panda alikuwa na nyumba ya mawe, ukuta mnene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Mkewe akatuma neno: majirani wenye nyumba mbovu walete wanawake kwake, kuna chumba cha ndani, mwanamume haingii. Nikamshukuru Mungu. Nikaenda kwa wifi nikamwambia kwa adabu kabisa, "Dada, tumfunike mwali tumpeleke kwa Mwarabu."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mwali avuke kizingiti mchana, kabla ya ngoma? Miezi saba nimemlinda, leo nimtoe barabarani? Watu watasema mwali wangu alitoka kwa upepo!"

"Watasema yu mzima."

"Mie ndiye shangazi," akasema. Yakaisha. Nikamtazama mume wangu. Akasema, "Nyie wanawake semezaneni." Nikanyamaza tena, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma.

Adhuhuri ikapita, mawingu yakawa meusi, makuti yakaanza kuinuka na kulala. Niko jikoni nakusanya vyombo, nikasikia vishindo vya miguu ukumbini. Nikadhani wamepata akili. Nikatoka mbio. Mume wangu yuko mlangoni, ana gunia mgongoni. Wifi nyuma yake anahimiza, "Fanya haraka kaka, hili la mwisho, lisinyeshewe!"

Walikuwa wanapeleka mchele kwa Mwarabu. Magunia mawili yalishafika. Wifi alimfunika mwali shuka kichwani asionwe, na babake akaingia, akabeba gunia kando ya kitanda cha mwanawe, chini ya ukuta ule, akatoka. Mara tatu.

Hapo kitu kikakatika moyoni mwangu. Nikamwambia, "Tua gunia."

"Mke wangu, mvua..."

"Tua! Mchele umevuka, mwenye mchele hajavuka! Nyie mna akili?"

Akatua. Wifi akanikinga mlangoni, mikono huku na huku. "Mama mzazi hambebi mwali. Mkosi!"

"Basi mbebe wewe."

Hakuwa na nguvu za kumbeba. Binti amekula miezi saba amenenepa kama mtungi.

"Huwezi? Sogea." Nikampita. Nikamkalisha binti, nikamfunga kaniki mbili, nikamviringisha mkeka juu yake mpaka miguuni. "Mama, natembea," akasema. Akasimama, magoti yakacheza, akakaa. Miguu ilikuwa imesahau kazi. Nikamwambia mume wangu ageuke aangalie ukuta, nikambeba mgongoni, tukatoka.

Upepo ulitusukuma ubavuni, mchanga ukatuingia machoni. Njiani mzee mmoja anavuta mbuzi wake, akapiga kelele, "We mama! Unahamisha maiti saa hizi?"

"Nahamisha mkeka! Vuta mbuzi wako!"

Mkeka ukaanza kucheka mgongoni kwangu. Nikaupiga kofi.

Mke wa Mwarabu akatufungulia. Akaniona, akaona magunia mawili sebuleni kwake, akasema, "Shoga, mchele wenu mbona ulikuwa na haraka kuliko nyie?" Nikamtua mwali chumba cha ndani. Wifi akafika nyuma yetu amelowa chapachapa, akakaa pembeni akanipa mgongo. Mume wangu akabaki barazani na wanaume wengine. Upepo ukapiga mpaka jioni. Ndani ya ule ukuta wa mawe tulikuwa tunasikilizana kwa shida.

Asubuhi kulikucha kweupe. Tukamwacha mwali kwa Mwarabu, tukaenda watatu kuangalia. Banda la ngoma limesimama, kamba zote ziko mahali pake, hata kuti moja halikutoka. Nyumba, makuti ya nyuma hakuna. Ukuta umelala wote juu ya kitanda cha mwali, na kitanda kimevunjika katikati.

Tukasimama. Nikasubiri mtu aseme neno. Wifi akashika shavu, akatazama kitanda, halafu akageuka kutazama uwanjani, akasema, "Alhamdulillahi. Banda limesalimika."

Mume wangu akakohoa. Akasema labda tumrudishe mwali chumba cha mbele, ngoma iendelee siku yake, na ukuta tutauangalia baada ya...

Hakumaliza. Nilichukua jembe nikamtia mkononi, nikachukua ndoo nikamtia wifi mkononi.

"Mwali harudi hapa mpaka chumba chake kiwe na ukuta," nikasema. "Bwana, wewe chimba udongo uukanyage. Wifi, wewe chota maji. Na zile kamba zishusheni kwenye banda sasa hivi, mnifungie paa langu."