Meno Ishirini na Sita

Wifi yangu ndiye fundi pekee wa misumeno ya injini katika mtaa wetu na mitaa yote ya jirani. Watu humwita Mama Tupa, ingawa hajazaa mtoto wa jina hilo; ni kwa sababu tupa ya kunolea misumeno haimtoki mkononi, na ukikuta ameiweka chini ujue anakula au anaumwa. Mimi nimeolewa na mdogo wake. Tunagawana chumba kimoja cha biashara: dirishani cherehani yangu, mlangoni meza yake nzito iliyolowa oili, na katikati ubao mwembamba ambao hauzuii kelele wala harufu. Nimewahi kurudishiwa gauni jipya la mteja kwa kuwa lilinuka petroli. Kwa ajili ya harufu hiyo nimegombana na wifi mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu, na hilo si jambo dogo.

Nasema haya mapema ili mjue kwamba simsifu kwa sababu ya undugu. Nataka kusimulia juma moja ambalo jina lake lote, alilolijenga kwa miaka kumi na tisa, lilikuwa ndani ya kitambaa kilichofungiwa mnyororo wa msumeno, na yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kuamua kama atakifungua mbele ya mtu au atanyamaza.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe. Mumewe alipofariki, wakata miti waliendelea kuleta misumeno yao kwa heshima ya msiba tu, wakijua baada ya mwezi mmoja mjane atafunga mlango. Hakufunga. Walianza kwa kumcheka, wakaja kumjaribu, na mwisho wakawa wanapanga foleni. Sijui ni lini hasa waliacha kumwita mjane wa fundi wakaanza kumwita fundi, lakini najua kwamba siku hiyo ilikuwepo, maana alitembea tofauti.

Mezani aliweka misumeno miwili mibovu iliyofunguliwa matumbo, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazi, kwa ajili ya wateja wabishi. Kila mwanamume aliyeingia pale aliamini kwamba msumeno ni msumeno, tofauti ni bei na rangi. Wifi alimkalisha kwenye stuli na kumwonyesha. Huu wa nyumbani, alisema, nyumba ya injini yake ni ya plastiki, na ndani silinda na shafti vimebanwa pamoja. Ukitaka kubadilisha pistoni huna budi kufumua mashine nzima. Huu wa kazi, nyumba yake ni ya chuma chepesi, na silinda imefungwa kwa juu na boliti nne; unaitoa peke yake na mengine hayaguswi. Wa kazi una skrubu ya kuongeza na kupunguza oili ya mnyororo, wa nyumbani oili hutoka kwa kipimo kimoja, upende usipende. Mishikio ya wa kazi imekaa juu ya springi ili mtu akate kutwa bila vidole kufa ganzi. Wa nyumbani una vipande vya mpira, na vinamtosha mwenyewe, maana nani anakata miti kutwa nyumbani kwake?

"Huu ni wa Jumamosi," alikuwa akimalizia, "na ule ni wa Jumatatu hadi Jumamosi." Wateja walicheka, wakaitikia kwa adabu, kisha wengine wakaenda kununua ule mkubwa vilevile. Wanaume hawasikii.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolieleza bila mzaha, nalo ni mnyororo. Mbele ya kila jino linalokata kuna nundu ndogo. Nundu hiyo ndiyo inayoamua jino lizame kiasi gani. Ikiwa ndefu, jino linalamba mti. Ikiwa fupi, linang'ata. Mnyororo wa nyumbani hutoka kiwandani na nundu ndefu, na katikati ya meno mna vipande vya mviringo vya kuzuia ncha ya msumeno isikamate mti na kumrukia aliyeushika. Wakata miti hawataki hayo. Wao wana misumeno mizito, viganja vigumu na miguu iliyozoea kujikita, kwa hiyo humwambia fundi azishushe nundu mpaka msumeno ujivute wenyewe ndani ya gogo. Aliwashushia, kwa kuwa anawajua. Ukutani alipigilia misumari miwili: wa kushoto wa minyororo ya nyumbani, wa kulia wa minyororo ya msituni. Ya kushoto ilinolewa meno tu kwa tupa ya duara. Ya kulia ilipitishwa tupa ya duara, kisha tupa bapa juu ya nundu.

Kwa miaka kumi na tisa sikumwona akiichanganya, na mimi macho yangu hayakosi kitu.

Bwana Posta alikuja siku ambayo pale mlangoni palijaa wakata miti. Ni mstaafu, alifanya kazi kwenye kaunta ya posta mpaka nywele zikawa nyeupe, na nyumba yake ipo mtaa wa nyuma yetu. Alikuwa na msumeno mdogo wa nyumbani, safi kama vyombo vya wageni. Kilio chake kilikuwa kimoja: hauingii mtini. Wifi alikuwa anamalizia mnyororo wa nane wa wale mabwana, tupa bapa mkononi, jasho linamtiririka. Bwana Posta akawatazama wakata miti, akatabasamu, akasema naye atengenezewe kama wao, asije akaonekana anakata mkate. Tulicheka wote. Mmoja wa wale mabwana akamwambia fundi ampe mzee raha yake.

Na wifi akampa. Nilimwona. Aliubana mnyororo ule kwenye jiliwa, akanoa meno ishirini na sita, kisha bila hata kuvuta pumzi akachukua tupa bapa, akazishusha nundu zote na vile vipande vya mviringo vya katikati, moja baada ya nyingine, huku wanaume wakihesabu na kumsifu kwa kasi yake. Hakumkalisha mzee kwenye stuli. Hakumwambia neno. Alimpa msumeno, na mzee akaondoka akiwa amefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku nne baadaye alikuwa anakata tawi lililoangukia ua wake. Ncha ya msumeno iligusa tawi jingine nyuma yake, mnyororo ukang'ata, msumeno ukaruka juu ukamrudia. Breki ya mnyororo, ambayo husukumwa na mkono msumeno unaporuka, ilishika, ndiyo maana yu hai. Lakini bega la kushoto lilichanwa, na kwenye mkono ikakatika mishipa miwili ya vidole. Tulikwenda hospitali kumpa pole. Alikuwa amelala chali, uso umemshuka, akatuambia kwamba mkono wake uliteleza. Wifi akamshika mguu juu ya shuka akamwambia Mungu atamponya. Wakati huo hakujua lolote, na mimi namtetea kwa hilo. Minyororo inapita mikononi mwake kila siku, na huu aliusahau jioni ileile.

Alijua wiki tatu baadaye, mke wa Bwana Posta alipoleta msumeno. Mama yule alikuwa amekonda. Alisema mumewe ametoka hospitali, vidole viwili havikunjiki, na msumeno hataki tena kuuona. Atafutiwe mtu wa kuununua. Akamshukuru fundi kwa kuja hospitali. Akasema mzee anajilaumu mwenyewe na hamlaumu mtu, kisha akaondoka.

Wifi aliufungua kama anavyofungua misumeno yote. Akatoa kifuniko, akavua mnyororo, akaupitisha kidoleni kuutazama. Nikaona kidole kimesimama. Akaurudisha nyuma, akaupitisha tena. Halafu akakaa kwenye ile stuli ya wateja, ambayo yeye huwa haikalii.

"Wifi," akaniita. "Hizi nundu ni mkono wangu."

Niliondoka kwenye cherehani nikaja kutazama, ingawa sikuwa na haja. Siku ile yote ilinijia palepale: mlango uliojaa, vicheko, tupa bapa. Na sasa niseme nililolisema, kwa kuwa sitaki mtu mwingine aje awasimulie. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mzee mwenyewe amesema aliteleza, na aliomba mwenyewe makali yale, mashahidi wapo. Nikamwambia wakata miti wakisikia fundi amekosea mnyororo, hakuna atakayerudi, na yeye hana mume wa kumlisha. Nikaongeza kwamba kusema hakutarudisha vidole. Niliyasema yote hayo kwa mapenzi, na sehemu ya mapenzi hayo ilikuwa kodi ya chumba tunayoilipa pamoja.

Aliukunja mnyororo kwenye kitambaa safi akauweka juu ya rafu. Siku mbili hakunoa kitu. Wakata miti walikuja akawaambia hajisikii vizuri, na kweli hakuwa mzima; chakula alikisogeza tu kwenye sahani. Nilimkuta amesimama mbele ya ile misumari miwili ukutani, hafanyi lolote. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye pia, kwa sababu nilijua anakwenda wapi na nilijua nitamfuata.

Siku ya tatu asubuhi alichukua kitambaa, akajifunga khanga, akatoka. Nikafunga dirisha nikaenda naye.

Bwana Posta alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti kilichogeuzwa kuelekea ukutani badala ya dirishani. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mto. Mkewe alituletea maji. Wifi hakuyanywa. Aliweka kitambaa juu ya meza, akakifungua, akaanza kueleza kama anavyowaeleza wateja: hili ni jino, hii ni nundu, ya nyumbani hutakiwa kuwa ndefu hivi, hizi nilizishusha mimi kama ninavyowashushia watu wa msituni. Msumeno wako ni mwepesi, haufai kwa mnyororo wa namna hii. Mkono wako haukuteleza, mzee. Ulirukiwa.

Kisha akasema lile neno nililomfundisha mimi.

"Uliniomba mnyororo uwe mkali."

Mzee alikuwa ameutazama mnyororo muda wote. Akainua macho.

"Ulipokuwa unazishusha, ulijua msumeno unaweza kunirukia?"

"Nilijua."

"Na mimi nilijua?"

"Hapana, mzee. Hukujua."

"Basi usiniambie niliomba."

Hakupaza sauti. Wifi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani, na hakuyafuta. Nilitamani sakafu inimeze, maana neno lile lilikuwa langu na yeye ndiye aliyelipokelea jibu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilisubiri matusi. Nilisubiri aseme atatupeleka polisi, na angekuwa na haki.

Badala yake mzee aliuliza kuhusu mkono wake. Aliuliza polepole, kama mtu anayesoma anwani iliyofutika: kwa hiyo alikuwa ameushika msumeno sawasawa? Wifi akamjibu kwamba kwa jinsi kovu lilivyokaa, mikono yote miwili ilikuwa mahali pake na kidole gumba kilikuwa kimezunguka mshikio. Kama angekuwa ameushika vibaya, breki isingewahi. Angekuwa ameshazikwa.

Hapo uso wa mzee ukavurugika. Alianza kusema, na hakutusemesha sisi. Alisema wiki tatu zote alikuwa anaukata upya mti ule kichwani, akitafuta mahali alipokosea, na kwa kuwa hakupaona aliamini kwamba amezeeka, kwamba mikono yake haimtii tena na akili yake haioni inachofanya. Alikuwa amekataa kujinyoa kwa wembe wake mwenyewe. Alikuwa amemkataza mkewe kumwachia mjukuu ambebe, hata akiwa amekaa. Mtoto huletwa, huonyeshwa, hurudishwa. Mkewe aliitikia kwa kichwa pale mlangoni, machozi yakimtoka, kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo.

Kisha akageuka kwetu akatuambia tuondoke. Alisema hataki kumwona fundi nyumbani kwake, si leo na labda si kamwe, na kwamba atakapoulizwa na watu atawaambia ukweli kama alivyoambiwa. Wifi akasema ndivyo inavyostahili. Aliacha mnyororo juu ya meza.

Aliwaambia, na watu walisikia. Wakata miti wanne hawajarudi mpaka leo, wengine walirudi mmoja mmoja bila kutazamana naye. Chumba tumekibakiza kwa shida. Sitasema kwamba mambo yalikaa vizuri, hayakukaa.

Lakini asubuhi ile, tulipokuwa tunavaa viatu nje ya mlango, tulimsikia mzee ndani akimwambia mkewe, mara mbili, kwamba mkono wake haukuteleza. Halafu akamwambia akamlete mtoto. Wifi alisimama na kiatu kimoja mguuni mpaka tukasikia hatua za yule mama zikirudi sebuleni na mtoto akilalamika kidogo kwa kuamshwa. Mimi sikuweza kumtazama wifi. Mimi ndiye niliyesema tunyamaze.