Mitungi Miwili Kati ya Arobaini

Niliondoka nyumbani Hadado asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kwa sababu darasa letu halikuwa na dirisha lililotazama barabara. Lori la mbuzi lilisimama dukani, nikamuuliza dereva anakwenda wapi, akasema Garissa, nikapanda. Sikumjua mtu hata mmoja huko.

Siku ya pili nilikuwa nazunguka mtaa wa Galbet natafuta maji ya kunywa. Nikaona ua uliojaa moshi na mitungi ya plastiki ya manjano, ile ya lita ishirini. Mama mmoja mnene alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya moshi, hata hakohoi.

"Warya, una kazi?" akaniuliza.

"Sina, eedo." Kwetu warya ni "wewe kijana", na eedo ni shangazi.

"Una haraka?"

"Sina."

"Basi kunywa maji, kisha shika mtungi huu."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Yule mama alikuwa mkuu wa kikundi cha akina mama walionunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyauza mjini. Kila mtu alimwita Mwenyekiti, hata wajukuu wake.

Kazi niliyopewa ilikuwa kufukiza. Vijana wa leo wanaoona maziwa yametoka kwenye friji hawaijui. Unaosha mtungi, unauacha ukauke, kisha unauinamisha mdomo chini juu ya vipande vya mti wa mgunga vinavyofuka bila kuwaka. Moshi ukijaa ndani unaufunika kifuniko na kuutikisa. Maziwa ya ngamia yakitiwa humo hukaa muda mrefu bila kuharibika, na ladha ya moshi ndiyo wateja wanayoitafuta. Moshi ukiwa mdogo, maziwa yanaharibika njiani. Ukizidi, yanakuwa machungu. Wiki ya kwanza niliunguza mitungi mitatu. Mwenyekiti aliitoboa akapanda mboga ndani yake, akaiweka mlangoni ili niione kila asubuhi.

Baadaye nilipandishwa nikawa mpimaji. Wafugaji walipoleta maziwa, nilichovya njiti ya kiberiti ndani yake kisha nikaiwasha. Njiti ikikataa kuwaka, maziwa yametiwa maji. Nilitukanwa na wazee wengi kwa sababu ya njiti hizo.

Juu yangu alikuwepo Dereva Mkuu, ingawa dereva alikuwa huyo huyo mmoja. Alikuwa na neno moja alilolirudia kila safari: "Maziwa hayapendi breki." Alinifundisha kuona shimo kabla shimo halijaniona. Alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa pikapu bila hotuba.

Nilikuwa nimeendesha miaka mingi kaskazini, Wajir na kurudi, nilipotumwa kusini kwa mara ya kwanza. Hoteli moja ya Malindi ilitaka kujaribu suusac, yaani maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke yakawa mazito. Mwenyekiti alinipa mitungi arobaini na siku nne.

Nilivuka daraja la mto Tana alfajiri nikashika kushoto. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Nilidhani mto ni kitu unachokivuka tu, sikujua unaweza kusafiri nao siku nzima. Huuoni kila wakati, lakini unaujua ulipo, kwa sababu miti ya kule imesimama kijani kama ukuta. Hola nilisimama nikanunua maembe kwa mama wa Kipokomo, akanicheka jinsi nilivyokuwa nikiyala na maganda. Nililala hapo. Kesho yake, baada ya Garsen, minazi ikaanza kutokea mmoja mmoja, kisha ikawa mingi. Juu ya mnazi mmoja nikaona mtu.

Nilifikisha mitungi Malindi salama, hoteli ikamimina suusac kwenye vyombo vyake na kunirudishia mitungi mitupu. Ningeweza kurudi Garissa moja kwa moja. Lakini yule mtu wa juu ya mnazi hakunitoka kichwani. Siku ya tatu, nikiwa narudi, karibu na Gongoni nilimkuta tena, safari hii ameshuka. Nikazima gari.

Jina lake Kazungu, mgema wa tembo la mnazi. Nilimuuliza maswali mpaka akakaa chini. Alinionyesha kotama, kile kisu chake kilichopinda, na jinsi anavyokata ncha ya karara la maua ambalo halijachanua, kidogo tu, mara mbili kwa siku, ili utomvu udondoke kwenye kibuyu. Asubuhi ni mtamu kama sukari. Jioni umeshachachuka na unalevya.

"Onja basi," akasema.

"Haramu kwangu."

"Basi nusa. Pua haina dini."

Nilinusa. Tulikuwa tukicheka wakati binti yake, Kadzo, alipokuja mbio. Wazee wa upande wa mchumba wake walikuwa wanakuja jioni ile ile kuzungumzia mahari, na kwa Wagiriama mazungumzo hayo hayaanzi bila tembo mbele yao. Mitungi miwili ya kulipeleka nyumbani ilikuwa imepasuka. Kazungu aliitazama pikapu yangu. Mimi ndiye niliyesema.

"Chukua miwili."

Nilijua ni kosa wakati maneno yakiwa bado mdomoni. Chombo kilichotiwa tembo hakitiwi maziwa ya akina mama wa Galbet. Nilijiambia nitaitenga pembeni, nitanunua mingine miwili Garissa, na hakuna atakayejua. Nikalala kwao, nimekaribishwa vizuri, mazungumzo ya mahari yakaenda salama.

Asubuhi nikakuta wamenifanyia wema. Mitungi yangu miwili ilikuwa imesuuzwa na kupangwa ndani ya pikapu pamoja na ile thelathini na minane, yote imefungwa kamba vizuri, yote sawasawa.

"Ni ipi?" nikamuuliza Kadzo.

"Yote ni yako, baba," akasema kwa furaha.

Njia nzima nilisimama kunusa. Niligundua kwamba uchachu wa suusac na uchachu wa tembo, kwa pua iliyochoka, ni ndugu. Kufika Hola nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Kufika darajani Garissa nikaamua kusema. Sijui vizuri kilichonibadilisha. Labda ni kuwaza Mwenyekiti akimpa mjukuu wake kikombe.

Nilimwambia mbele ya akina mama wote, kwa sababu niliwakuta wote uani. Kelele zilizotokea sitazisahau. Mmoja akasema yote arobaini ichomwe moto. Mwingine akasema nichomwe mimi, mitungi ibaki.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Hatuna mingine. Na mteja akisikia, hataniuliza ni mtungi gani. Isuuzwe kwa maji baridi. Mtu asiguse maji ya moto."

Kulipopambazuka akachemsha maji yenye sukari, akayaacha yawe vuguvugu, akatia kikombe kimoja kimoja katika kila mtungi. Tukafunga vifuniko kwa nguvu na kuipanga mistari minne juani.

"Eedo, hii ni dawa gani?"

"Kabla ya maziwa nilikuwa napika mahamri mtaa wa Iftin. Maji ya moto huiua hamira, lakini ikipata sukari na joto kidogo haiwezi kujificha. Na hilo tembo la rafiki yako lina hamira yake. Kaa hapo uangalie."

Nilikaa tangu asubuhi hadi baada ya swala ya alasiri. Akina mama walipita wakiniuliza kama nimelewa. Kisha mtungi mmoja wa mstari wa pili ukaanza kuvimba mbavu. Muda mfupi baadaye, mwingine katika mstari wa mwisho. Mwenyekiti alifungua kifuniko kimoja, kikalia *psss*, kisha cha pili, naye akaiweka yote miwili kando. Tulingoja hadi jua lilipopungua. Ile thelathini na minane haikutikisika. Hiyo ilioshwa mara saba na kufukizwa upya.

"Ungenyamaza, walaahi ningekufukuza," akaniambia. "Umesema, kwa hiyo utarudi kwenye moshi mpaka nichoke kukuona. Na hii miwili mpelekee huyo rafiki yako. Mwambie ni zawadi ya harusi."

Nilifukiza msimu mzima wa mvua, mtu mzima na ndevu zangu, ndipo nikarudishiwa ufunguo. Safari ya kwanza kusini nilimpelekea Kazungu mitungi yake na kumweleza yote. Alishika kichwa.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa na wageni."

Niliendesha miaka mingine kumi na zaidi. Niliacha macho yalipoanza kuona malori mawili mahali palipo na moja. Mwenyekiti mwenyewe hayupo tena, Mungu amrehemu. Watu huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kwamba chombo cha watu si changu kukikopesha, hata kwa jambo jema. Mengine yote ni moshi na breki.

Mwezi uliopita niliamka asubuhi nikavaa viatu, nikapanda basi, likavuka daraja na kushika kushoto. Sikuwa nimepanga. Gongoni niliambiwa Kazungu hapandi tena, amehamia kwa binti yake, mbele ya Marafa, mahali nisipopajua. Mwendesha bodaboda alinifikisha jua likianza kuinama.

Kazungu alinitambua kwa sauti. "Msomali wa maziwa! Umefuata mitungi yako?"

"Nimefuata pa kulala."

"Pua yako bado haina dini?"

Kadzo, sasa mama wa watoto wanne, alinitandikia chumba cha nje. Kisha akaniletea maji ya kutawadha katika mtungi wa manjano uliopauka. Nilisita. Pale mdomoni ulikuwa bado na weusi wa moshi wa Galbet.

"Usiogope, baba," akasema. "Ule mwingine ulipasuka. Huu, tangu siku uliyotuletea, baba yangu alikataza usitiwe tembo. Ni wa maji tu. Tumekuwekea."

Niliuinamisha, nikaosha mikono.