Gunia la Mlangoni

Mimi ni mtu wa kuchukia uchafu, na sioni haya kusema hivyo. Kwa hiyo mashindano ya usafi na bustani yalipotangazwa huku Soweto East, Kibera, ploti kwa ploti, wapangaji wenzangu hawakusumbuka kupiga kura. Walinipa uenyekiti, na baada ya siku mbili wakajuta.

Niliwatoa jasho. Mtaro ulizibuliwa, kamba za nguo zikahamishiwa upande mmoja. Kila nyumba ikapanda sukuma wiki kwenye gunia la udongo, katikati mawe ya kupitisha maji, miche ikichomoza kwenye matundu ya ubavuni. Hata watu wa Olympic, mtaa jirani wa wenye nafasi, walikuwa wakipita wanasimama kuchungulia. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Gunia moja tu lilinikera. Lilikaa mlangoni pa jirani yangu, mama wa Kitui anayefulia watu nguo huko Olympic. Lilikuwa kuukuu, limechanika, na hapakuota kitu ila magugu. Alihama nalo kutoka Kawangware, juu ya mkokoteni, pamoja na kitanda na jiko, nasi tukacheka: mtu anahamaje na udongo? Nilimwambia mara mbili apande kitu au alitoe. Kila mara aliitikia kwa upole, "Sawa, chairlady," na gunia likabaki palepale.

Asubuhi waliyokuja waamuzi, yeye akiwa kazini, nililiburuta mwenyewe hadi barabarani, lori la taka liliposimama. Likarushwa juu, udongo ukamwagika kwenye maganda ya ndizi, na nikafurahi kweli. Pale mlangoni nikapanga mawe na kupanda maua mekundu. Tulishinda. Zawadi ilikuwa tangi la maji, na watu walikuwa bado wanalizunguka wakicheza jirani yangu aliporudi.

"Chairlady, gunia yangu iko wapi?"

"Niliitoa. Ilikuwa inatuharibia."

Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye kizingiti, beseni lake la kazi miguuni, akanieleza. Mwanawe wa pekee alizaliwa Kawangware, miezi michache baada ya mume kufariki na wakwe kumfukuza shambani. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, hakuwa na ardhi ya kukizika, na chumba cha kukodi si kwako. Akaagiza udongo wa Kitui kwa gunia, akakizika humo. Mtoto huyo sasa ni mwanamume mzima. Alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, na simu yake imeacha kupatikana.

"Lakini najua atarudi tu," alisema. "Kitovu yake iko hapa. Ndio maana siwezi acha hiyo gunia."

Alikuwa akitazama yale maua.

"Mchanga si ulimwaga hapa tu kwa ploti?"

Lori lilikuwa limeondoka saa nyingi. Ningemwambia, na najua angenisamehe, maana ndivyo alivyo. Badala yake nikasema, "Eeh. Iko hapo chini ya maua."

Akashusha pumzi. Aliniambia asante.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kufua, huchota kikombe kimoja kwenye tangi tulilolishinda na kumwagilia pale. Ukuta wetu ni wa mabati, nasikia kila kitu. Nasikia maji, halafu sauti yake ya chini akiongea Kikamba na mwanawe. Sielewi maneno, ila huwa sitoki mpaka amalize. Mara tatu nimefungua mlango nikiwa nimejiandaa kusema ukweli, na mara tatu nimeishia kumsalimia. Maua yamestawi ajabu. Nayaogopa.

Mwezi uliopita alienda Kitui kwa mazishi ya dada yake. Aliniachia kikombe.

"Nisaidie na hapo kwangu," alisema. "Usimwache na kiu."

Nilijiambia huo ni udongo wa Kibera kama mwingine wowote. Siku ya kwanza nikapita. Siku ya pili nikapita, lakini chakula hakikupita kooni. Siku ya tatu nilijikuta nimepiga magoti mlangoni pake, kikombe mkononi, mchana kweupe, mimi mwenyekiti wa usafi, naongea na maua. Nilimwambia kijana arudi, mama yake anamngoja. Halafu nikamwambia kile ambacho sijaweza kumwambia mama yake: kwamba hayupo hapo, kwamba nilimtupa mimi, kwa mikono yangu. Kisha nikamwagia maji yote, polepole, kama nilivyozoea kumsikia mama yake akifanya.