Mama Mwoga, Mkunga wa Vifungua Mimba

Alizaliwa Jumatano ya Majivu, saa nne asubuhi, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa mama ambaye hakujaliwa kumjua. Mama huyo alijifungulia nyumbani kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na uchungu ulikuja kwa kasi. Mtoto alitoka salama, ila damu ilikataa kukata, na kabla ya adhuhuri mama alikuwa amekata roho. Shangazi yake, dobi wa hospitali ya misheni, alimbeba akambatizisha jioni ile ile, kisha akamlea kati ya mapipa ya maji moto na marundo ya mashuka. Habari za mama yake hakumficha, na pengine alimwambia mapema mno, maana tangu akiwa na miaka sita binti huyo alikuwa akiona shuka lenye damu mikono inamtetemeka. Watoto wa jirani walimwita Mwoga, na jina likamganda kama kupe. Shangazi hakuona aibu. Alimkumbusha tu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa dobi kamili, na wachumba wawili alikwisha kuwarudisha walikotoka. Tusimpambe: hakuikataa ndoa kwa ajili ya utawa, aliikataa kwa hofu ya kushika mimba, na jambo hilo alilikiri mbele ya paroko wake. Alasiri moja mtawa mkunga, akiwa amepungukiwa na watu, alimwita amshike mkono msichana aliyekuwa anazaa kwa mara ya kwanza. Msichana alipopiga ukelele, Mwoga aliuachia ule mkono akakimbia mpaka chumba cha kufulia, akajifungia. Mtoto alizaliwa salama. Kesho yake alikwenda kubadilisha mashuka, akamsikia yule mzazi akimwuliza mtawa kwa upole, bila lawama, “Yule aliyeniachia mkono ni nani?” Swali hilo lilimchoma kuliko matusi. Wiki ile ile alimwendea mtawa, akaomba afundishwe ukunga, naye akafundishwa kwa miaka minne, akitapika kabla ya karibu kila zamu.

Jaribu lake kubwa lilimkuta akiwa na miaka ishirini na saba, mwaka ambao mafuriko yalivunja daraja la hospitali. Fundi seremala wa mtaani alikuja kumwita mchana, jasho likimtoka kama maji: mkewe, mimba yake ya kwanza, alikuwa sakafuni ameshika mguu wa kitanda. Mwoga alikwenda na mkoba wake, na saa nane mtoto wa kike akalia. Kondo la nyuma lilitoka zima. Akadhani Mungu amemwonea huruma. Ndipo damu ikaja, si ya kuchuruzika, bali ya kumiminika, ikaloanisha mkeka na kufika kwenye magoti yake. Chumba cha kupanga, kifungua mimba, damu: alihisi anakitazama kifo cha mama yake kwa macho yake mwenyewe. Aliutazama mlango, nao ulikuwa wazi.

Mke wa seremala, midomo imeshapauka, alimwuliza kwa sauti ya chini, “Dada, ninakufa?”

“Sijui, mdogo wangu,” alijibu. “Naogopa kama wewe. Lakini siondoki.”

Alimweka mtoto kwenye titi la mama, kisha akatia mkono chini ya kitovu. Tumbo la uzazi lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Alilikanda mpaka likakaza kama ngumi. Kila alipolegeza mkono, nalo lililegea na damu ikarudi. Basi hakulegeza tena. Alimwamuru seremala aung'oe mlango, wakamlaza mzazi juu yake, mtoto kifuani, na wanaume wanne wa mtaa wakaubeba mpaka mahali mto ulipotanda, maji yakiwafika kiunoni. Mwoga hakujua kuogelea. Alivuka ubavuni mwao, akisali kwa meno yanayogongana, mkono wake ukiwa bado juu ya lile tumbo. Walifika jua likiwa bado juu, na mama yule akapona. Mtawa ilimbidi amkunjue Mwoga vidole kimoja kimoja.

Alihudumu miaka arobaini na moja. Wazazi watatu walimfia, na mama mkwe wa mmoja wao alimtangaza kanisani kuwa muuaji. Alisikiliza mpaka mwisho, na jioni akampelekea maji ya kumwosha mjukuu. Hakuwahi kumwambia mzazi asiogope. Alifariki Jumamosi asubuhi, kwa moyo uliochoka. Paroko alipomwuliza kama yuko tayari, alisema, “Naogopa, Baba. Ila nimezoea kwenda nikiwa naogopa.”

Mwaka uliofuata fundi cherehani mmoja, mwanamke asiye na wasiwasi, alikuwa akishona alipoingiwa ghafla na hofu isiyo na sababu. Mikono ilimtetemeka hata uzi haukuingia sindanoni. Hofu ikamwinua, ikamtoa nje, ikamsukuma mpaka kwa jirani yake mwalimu, aliyekuwa amejifungua peke yake na damu inamwisha. Daktari alishuhudia kwamba robo saa zaidi ingemwua. Kanisa halijatamka neno juu ya tukio hilo, nasi hatulitangulii.

Leo wanawake wa parokia hiyo hawamwachi mwenye mimba ya kwanza aanze uchungu bila mtu kando yake, nao humfikisha hospitali mapema. Mwenye jambo analoliogopa na amwige mama huyu: asingoje hofu iishe. Aseme sala ambayo majirani walimsikia akiisema kila alipofika mlangoni mwa mzazi, “Bwana, natetemeka, twende,” kisha apige hodi.